Damu ya Nyumba ya Kinu

4 Machi

Kijiko mwanangu,

Pokea salamu zangu mimi shangazi yako. U mzima? Kile kifua kimetulia, au baridi ya huko bado inakusumbua? Unakula umekaa, au bado unakula umesimama kama farasi? Nijibu hayo kwanza, maana barua yako ina kurasa nne na hakuna hata mstari mmoja wa afya yako. Kurasa zote ni za mtu anayetengeneza lifti.

Mimi sijambo kwa rehema za Mungu. Goti la kulia linalalamika nikipanda ngazi, lakini nimelizoea, kama mtu anavyomzoea mpangaji mkorofi. Kazi ya kufua hospitalini inaendelea. Mashine kubwa imepona, ndogo imekufa, na hakuna aliyeililia, kwa sababu ndogo ilikuwa ya nguo za watoto wachanga, na siku hizi nguo hizo hazijazi hata beseni. Kinachonivunja mgongo ni shuka za wazee. Uani kamba zote ni zao. Wodi ya wazazi inapata kipande tu karibu na ukuta. Baba yako akipita husimama, akatazama, akasema, "Dobi, hizo ni takwimu za taifa umezianika." Unamjua kaka yangu. Amestaafu ualimu wa jiografia, lakini jiografia haijamstaafu yeye.

Sasa turudi kwa Fundi Lifti. Nilicheka mpaka mwenzangu wa pasi akaja kuuliza kuna nini. Ati umekwama kwenye lifti, mtu akaanza kukutuliza kwa lafudhi ya kwetu kutoka upande wa pili wa mlango, na wewe badala ya kuogopa ukamuuliza, "Wewe ni wa kwetu?" Nchi yetu nzima ina lifti moja, ile ya wizarani, na yenyewe hupanda siku za wageni tu. Kumbe mtaalamu wa lifti katika jiji zima ni mtoto wa kwetu. Mungu ana utani wake.

Nimekuombea, na moyo wangu umetulia. Lakini hujaniambia ni wa nyumba gani, na unajua hapo ndipo mambo yanapoanza. Baba yako ndiye msemaji wa nyumba yetu ya Kinu. Kabla ya ndoa yeye husimama kutaja wazee, baba baada ya baba, na upande wa pili hutaja wao. Wazee wakikutana karibu, ndoa haipo. Tu wachache, bonde ni jembamba, na wa zamani waliona wenyewe watoto waliozaliwa pale ndugu walipooana.

Basi niambie, huyo kijana ni wa nani?

Shangazi yako,
Dobi


21 Machi

Shikamoo Shangazi,

Kifua hakijambo. Nakula nimekaa, na nikikaa nakula kweli, mpaka bosi wangu wa duka la miwani ameniuliza kama kwetu kulikuwa na njaa.

Shangazi, tafuta kiti kwanza. Ni wa Kinu.

Hatukujua. Tulikuwa tunakunywa chai, tumeshazoeana kiasi cha kuchekana meno. Nikamuuliza nyumba yake, akasema Kinu. Nikasema hapana, Kinu ni mimi. Tukaanza kuhesabu wazee kwa vidole mpaka chai ikapoa. Babu yake na babu yangu ndio wale wavulana wawili uliokuwa ukinisimulia, waliolala kitanda kimoja. Baba yake alivuka mlima kwenda migodini akiwa kijana, akaoa kule ng'ambo ya mpaka na hakurudi tena, isipokuwa kumchukua mama yake aje kumlelea mtoto. Mtoto ndiye huyu. Hajawahi kuliona bonde letu, lakini anaongea kama mtu aliyekulia jikoni kwako.

Nilimwandikia Baba. Jibu lake lote hili hapa: "Haiwezekani. Huyo ni ndugu yako. Vaa sweta."

Shangazi, nimejitahidi kumwona kama ndugu na nimeshindwa. Kwetu neno la shangazi ndilo ufunguo wa ndoa. Baba anaweza kumkatalia waziri, lakini wewe ukiweka mikono kiunoni hukaa chini. Nakuomba uiweke.

Mwanao,
Kijiko


12 Aprili

Mwanangu Kijiko,

Nimefurahi kwamba kifua hakijambo. Sisi huku tu wazima, mvua bado haijaanza na nguo zinakauka vizuri.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza. Jumapili nikaenda kwa kaka yangu. Nilimkuta jikoni anakanda unga, maana tangu mama yako atangulie hataki mtu ampikie. Nikaweka mikono kiunoni. Akaitazama, akasema, "Ishushe, Dobi. Najua ulichojia." Halafu akaunyoosha unga mezani na kuanza kunichorea nchi kwa kidole, kama vile mimi ni darasa la nne.

"Tazama," akasema. "Milima pande tatu. Upande wa nne bahari, lakini bahari yenyewe iko chini ya majabali, chombo hakina pa kutia nanga. Nani ataingia? Haingii mtu. Ardhi ya kulima ni hii hapa katikati, upana wa kitambaa. Italisha wangapi? Kisha ukaja ule ugonjwa wa enzi za babu zetu, theluthi ya majiko yakazimika. Kisha wakubwa wa mbali wakachora mpaka, na bonde la pili, lile tambarare, likabaki kwa jirani. Kisha jirani akafungua migodi, akaita vijana wetu, nao wakaitika. Jiografia ilitufungia mlango, Dobi, halafu historia ikapita dirishani, ikawa inatoa watu mmoja mmoja."

Nikasema, "Na huyu binti yako anataka kuongeza wawili watatu, wewe unakataa."

Akasema, "Watu wachache kama sisi wakianza kuoana wenyewe kwa wenyewe wanakwisha kwa njia nyingine. Sheria ya damu si ushamba. Ni dawa." Na macho yake yalikuwa mekundu, usifikiri anasema kwa raha. Picha yako ameihamishia karibu na redio.

Nilikuwa na neno la kumjibu, lakini sikulisema. Nilimkatia kitunguu, nikarudi nyumbani.

Vuta subira, mwanangu. Omba, na mimi naomba. Nimekutumia soksi, zile za kijivu ni zake.

Shangazi yako,
Dobi


29 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Soksi zimefika, asante. Za kijivu zimemtosha.

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali uliponitetea. Nimeona unga na kitunguu. Unasema ulikuwa na neno na hukulisema. Neno gani hilo linaloshindwa na kitunguu?

Nisamehe kwa nitakalosema. Labda unataka nirudi. Labda unaona nikiolewa huku hutakuwa na mtu wa kukushikia ncha ya pili ya shuka. Au labda kwa kuwa wewe hukuolewa, hujui mtu anavyolala macho wazi.

Tumeamua kwenda kuandikisha ndoa hapa jijini mwezi wa Agosti, bila kutajiwa wazee. Nikifanya hivyo najua Baba hatanipokea tena, na sitakuja kukaa mlangoni kwake kama mwombaji. Mwambie achukue kidole chake afute mtu mmoja kwenye ule unga.

Jambo moja la ajabu. Wikiendi tulisafiri kwenda kwa wazazi wake, kule migodini. Baba yake ni mtu wa kucheka sana, ana tumbo kama gunia. Nilipotaja kwamba nina shangazi anayefua hospitalini, aliweka kikombe chini, akatoka uani akakaa huko mpaka mkewe akamfuata. Mnadaiana nini nyinyi wawili?

Kijiko


16 Mei

Kijiko mwanangu, mwana wa kaka yangu, mwanangu hasa,

Nakusalimu kwa upendo uleule. Sikukasirika. Nilikaa na barua yako kwenye chumba cha pasi, mwenzangu akadhani macho yanatoka machozi kwa mvuke, nami nikamwacha adhani.

Sasa nakuambia neno lililoshindwa na kitunguu.

Baada ya ule ugonjwa, waliobaki walikusanyika kwenye nyumba ya ibada. Kulikuwa na watoto wengi waliobaki peke yao, wengine hata majina yao hakuna aliyeyajua. Wakagawanywa, kila nyumba ikachukua wake. Kisha watu wazima wakaapa mbele ya Mungu kwamba hakuna atakayeuliza tena ni nani aliyezaliwa na ni nani aliyeletwa, ili mtoto asije akatengwa kwenye sahani. Kiapo hicho kimetunzwa. Shuleni wanafundisha kwamba watoto waligawanywa, lakini hakuna anayejua ni nani.

Babu yako, baba yetu sisi, aliletwa. Aliletwa bado ananyonya, na yeye mwenyewe hakujua mpaka anakufa. Bibi aliyemlea alimwambia mama yangu, na mama yangu akaniambia mimi katika ugonjwa wake wa mwisho.

Aliniambia kwa sababu alitaka nimsamehe. Nilipokuwa na umri wako kuna kijana aliniposa. Alikuwa wa Kinu, mtoto wa yule mvulana wa pili wa kitandani. Wakasema ni ndugu yangu. Mama alijua si ndugu, akakaa kimya kwa ajili ya kiapo. Yule kijana akavuka mlima kwenda migodini. Sasa unaelewa kwa nini baba mkwe wako aliweka kikombe chini.

Kwa hiyo nalijua hilo la kulala macho wazi, mwanangu.

Lakini nikuambie na hili. Kama ningeolewa naye, Fundi Lifti asingezaliwa, na wewe ungekuwa bado umo kwenye ile lifti unapiga kengele. Nimelitafakari hilo kwenye sala mpaka nikacheka peke yangu. Sisi tunahesabu waliotoka, Mungu anahesabu na wanaokuja.

Kilichonizuia kusema ni vitu viwili. Kwanza kiapo. Pili kaka yangu. Usemaji wa nyumba ni wa damu, na unajua pale juu palivyo: katika mteremko wote ule sehemu tambarare ya kuzikia ni ndogo, na ni ya damu. Ameshaweka jiwe lake kando ya baba, hulipalilia kama bustani. Nikisema, nitamwondolea baba yake, kazi yake na kaburi lake kwa siku moja.

Lakini wale waliapa ili mtoto asitengwe. Na sasa kiapo chenyewe ndicho kinachotutengea mtoto. Nikaona nikiweke chini kwa adabu, Mungu ataniuliza na nitamjibu.

Jana nilimwambia. Alikuwa anakata kucha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia, akatoka, mkono mmoja umekatwa kucha na mwingine haujakatwa. Alikwenda juu makaburini. Amerudi, anakula, lakini haongei. Hata mvua hakuieleza.

Usiandikishe ndoa kwanza. Na usinililie, nililia zamani nikamaliza.

Dobi


31 Mei

Kwa binti yangu,

Nimearifiwa jambo na shangazi yako.

Nimefundisha habari za ule ugonjwa maisha yangu yote ya kazi. Nilikuwa nasema, "Watoto waligawanywa kwenye nyumba zilizobaki," kisha nafuta ubao na kuendelea na mvua. Sikujua kwamba nilikuwa nafuta habari za baba yangu.

Nitasimama kutaja wazee kama ilivyo desturi. Baba yangu nitamtaja jinsi alivyokuwa. Wakitaka kuninyang'anya usemaji, wachukue. Wakitaka nihamishe jiwe, nitalihamisha, si zito.

Mwambie fundi wako alete watu wake mwezi ujao, kabla njia ya mlimani haijafungwa kwa mvua. Ninyi wawili msije, wanaooana hawahudhurii.

Nisamehe lile jibu fupi. La sweta nalirudia.

Baba yako


27 Juni

Kijiko mwanangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Fundi wako. Nakuandikia kabla maziwa hayajachemka, maana nikichelewa baba yako ataandika yeye, na ataweka ramani.

Walifika Jumamosi. Baba mkwe wako, mkewe, na yule bibi mkongwe kabisa, mama wa baba mkwe wako, amebebwa katikati ya mito kama sahani za wageni. Upande wetu walikuwepo baba yako, mimi, na Mfuga Nyuki, yule mdogo wa baba mkwe wako aliyebaki huku bondeni. Unamjua, ulimi wake na nyuki wake ni mamoja. Tulikosa viti, nikaleta vikapu vya nguo tukavigeuza.

Baba yako akasimama. Alikuwa amevaa lile koti la mahafali. Akaanza: "Mimi ni mwana wa Seremala wa Kinu." Akakaza kifungo cha koti. "Seremala, aliyeletwa."

Watu wakageukiana juu ya vikapu.

Mfuga Nyuki akasema, "Mwalimu, leo umesahau somo?"

"Sijasahau. Ndiyo kwanza nalijua."

"Aliletwa kutoka wapi?"

"Hakuna anayejua. Alikuwa mchanga."

Mfuga Nyuki akajipangusa magoti. "Basi kaa chini, Mwalimu, kwa heshima zote. Kinu ataisemea mtu wa damu. Kaka yangu yupo, na mimi nipo. Na lile jiwe lako tutazungumza."

Nilikuwa nimeshaanza kuinuka, mikono kiunoni, Mungu anisamehe. Lakini sauti ikatoka kwenye mito.

"Mtu wa damu yupi?" bibi akauliza.

"Mimi, Mama. Mwanao."

"Wewe funga mdomo. Baba yako naye aliletwa."

Mwanangu, Mfuga Nyuki alibaki kama aliyemeza malkia wa mzinga.

Bibi akaeleza taratibu, anapumzika, anaendelea. Watoto wa Kinu wenyewe wote wamelala kule juu, waliondoka kabla ugonjwa haujaisha. Walibaki mume na mke, na sufuria kubwa isiyo na walaji. Wakachukua wavulana wawili, kutoka majiko mawili yasiyojuana, wakawalaza kitanda kimoja. Yule mama alipozeeka alimwambia kila mkwe wake siri ya mume wake tu. Mama yangu alijua wake ndiye wa kuletwa, akadhani wa mwenzake ndiye wa damu. Bibi huyu naye alijua wake tu, akawa miaka yote anamheshimu mama yangu kwa kuolewa na damu ya Kinu. Walifua mtoni pamoja wale wawili, kila mmoja na aibu yake, kila mmoja akimwonea mwenzake wivu.

Baba yako akakaa kwenye kikapu. Akavua miwani. Akasema, kama anajisemea, "Kumbe damu ya Kinu iliisha. Tumekuwa tunalinda mlango wa nyumba isiyo na watu."

Bibi akamkazia macho. "Watu wamo, Mwalimu. Hawa hapa. Wamejaa mpaka mnakalia vikapu."

Hapo ndipo kaka yangu alipolia, na Mfuga Nyuki ndiye aliyempa leso. Halafu akasimama tena, maana somo lazima limalizike, akataja upya kutoka mwanzo: Seremala aliyeletwa, na ndugu yake aliyeletwa, na mume na mke waliowaleta. Akaishia hapo. Akauliza kama kuna mahali wanaooana wanakutana. Akasema, "Hawakutani popote isipokuwa kwenye lifti." Tumekubali, mwanangu. Wote. Jiwe limebaki palepale, na Mfuga Nyuki ameomba aweke lake upande wa pili.

Kuhusu baba mkwe wako, kwa kuwa najua unataka kuuliza. Alinisalimu mlangoni, "Hujambo, Dobi," nikamjibu, "Sijambo, Gunia," kwa maana nilikuwa nimeshasoma barua yako, na alicheka mpaka akashika mlango. Tuliishia hapo, na ilitosha. Mkewe ni mtu mwema. Tuliosha vyombo pamoja, akaniambia, "Alinisimulia kwamba ulikuwa unaimba ukifua." Nikamwambia siku hizi nakoroma nikifua. Alipoondoka tulikumbatiana, na sikuwa na kitu moyoni ila shukrani.

Baba yako amekuwa mgonjwa wa jambo jipya. Anapita nyumba kwa nyumba akiwauliza wazee taratibu kama na wao wana mtu aliyeletwa. Wa kwanza walimfukuza. Sasa wanamwita wenyewe, wanamwekea chai. Anasema akimaliza huenda akaona kwamba nusu ya nchi haikuzaliwa na nchi, ililetwa, na kwamba ndiyo maana tupo. Mimi nasema aangalie asinenepe kwa chai.

Nimemwita fundi wa mashine aje kuitazama ile ndogo, ya nguo za watoto wachanga. Sisemi kitu, usianze kununa. Nimemwambia aitazame tu.

Sasa tunataka kujua mtakuja lini, ili niombe ruhusa kazini na baba yako apake chokaa. Tafadhali nijibu upesi.

Shangazi yako akupendaye,
Dobi